Niliijaribu mashine ndogo ya CNC Sumbawanga, ikafaulu kila kipimo, halafu nikasema isinunuliwe

Wakuu, poleni na majukumu.

Kuna kijana kaleta uzi humu anauliza kama achukue ile mashine ndogo ya CNC ya kukerezea vyuma, hizi za kukaa juu ya meza. Comments zimejaa. Huyu anasema chukua ya nchi fulani, yule anasema ya nchi hiyo ni takataka, wengine wameishia kutukanana.

Nimezisoma zote mpaka macho yakauma. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, hivyo vitu utakavyokereza vinakwenda kuingia kwenye nini?

Nilitaka nimjibu kulekule, nikaona maelezo yangu ni marefu. Basi nayaweka hapa. Yamenitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa, na nitayasema yalivyokuwa hata pale yasiponipendeza. Mvivu wa kusoma apite tu kwa amani.

Na kabla wale watani wetu hawajaanza na hadithi zao za uchawi: ndiyo, ni Sumbawanga. Hapana, hakuna aliyetumiwa radi humu ndani. Mashine ilikuja nzima ikaondoka nzima. Mngeniuliza mimi, bora ingekuwa radi, ningekuwa na wa kumlaumu.

Twende.

Ilikuwa kile kipindi cha soko huria kimeshakolea. Mashirika yanauzwa, vyama vya ushirika vinakufa kimoja kimoja, mabohari ya mahindi yanageuka maduka. Mimi nilikuwa mkerezaji kwenye karakana ya chama cha ushirika pale mjini, upande wa Katandala. Kazi yangu kwa wasioijua: unafunga chuma kwenye mashine, kinazunguka, unakipelekea kisu kinakinyoa taratibu mpaka kinakuwa umbo unalotaka. Bushi, pini, shafti, vitu vya aina hiyo. Lathe kwa kizungu.

Chama kilipokufa, karakana ikanunuliwa na Mama Apolonia.

Huyu mama alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Alianza na gunia kichwani, akaja kuwa na lori lake mwenyewe, Isuzu la kijani lililokuwa linakwenda mpaka Mwimbi kule na Chala huku kukusanya mahindi na ulezi. Mjini hapakuwa na mwanamke mwingine mwenye lori. Wanaume walikuwa wanamsema pembeni, halafu asubuhi wanamwomba lifti.

Alinunua jengo, akatukuta ndani yake. Tulikuwa mafundi wawili tu waliobaki, mimi na Mzee Oresto, mchomeleaji, ambaye alikuwa anasubiri tu siku ya kurudi kijijini kwake akalime.

Mama alituambia wazi. "Mimi vyuma sivijui. Mkinionyesha kwamba hapa panaweza kuishi, nitapaacha paishi. Msiponionyesha, pana bati zuri, nitaweka magunia."

Sikumchukia. Angalau alisema.

Tatizo letu lilikuwa mashine. Lathe yetu ilikuwa kubwa, nzito, imekuja na wamisionari kabla sijazaliwa, chama kikairithi. Ilikuwa imechoka kuliko mimi. Ukizungusha mkono wa kupeleka kisu, unazunguka karibu nusu duara bila kisu kusogea. Ilikuwa na pleyi, ule ulegevu, kila mahali. Gia moja ilikuwa na meno ya kuchomelea, Mzee Oresto kayajaza kwa mkono. Ili nipate kipimo ilibidi niibembeleze, na kwa kuwa nilishaizoea nilikuwa nakipata. Ila ulikuwa unarudi nyumbani mabega yamekufa.

Sasa kazi iliyokuwa inatuweka mjini ilikuwa moja. Mabomba ya kupulizia ng'ombe dawa.

Mtaelewa kwa nini. Zamani kulikuwa na majosho ya serikali. Unaswaga ng'ombe wako, wanapita kwenye maji ya dawa, kupe wanakufa, unarudi. Soko huria lilipokuja majosho yakakauka, ikawa kila mtu na kupe wake. Na wakati huohuo ndugu zetu Wasukuma walikuwa wanazidi kushuka Rukwa na makundi makubwa. Kila boma likawa na bomba la mgongoni.

Yale mabomba karibu yote yalikuwa ya aina moja. Chama kiliyaleta kwa pamoja enzi kikiwa hai, kikayagawa kwa wafugaji. Ndani yana silinda ya brasi, ile shaba ya njano, na pistoni ndogo ya brasi inayopanda na kushuka kusukuma dawa. Pistoni ikilika, dawa inavujia nyuma, inamwagikia mgongoni kwa mtu. Mnajua wenyewe dawa ya kupe ikikaa mgongoni.

Basi wanatuletea. Mfugaji anakuja na bomba lake zima, anakaa kwenye benchi. Mimi naichubua silinda kwanza kuondoa mikwaruzo, halafu nakereza pistoni mpya kubwa kidogo. Naijaribu kwenye silinda yake, haiingii. Napunguza. Naijaribu tena. Inaingia kwa shida. Napunguza unywele. Mpaka inaingia kwa kuteleza, ukiziba tundu kwa kidole inakataa kushuka. Hapo nampa.

Sisi tuliita kuvalisha. Ni kama fundi cherehani anavyomvisha mtu koti kabla hajalimaliza.

Ilikuwa kazi nzuri lakini ya mmoja mmoja. Siku za msimu wa kupe benchi linajaa, watu wanalala mjini wakisubiri zamu.

Ndipo akaja Injinia Ombeni.

Alikuwa kijana wa kampuni moja ya Dar iliyokuwa inaleta mashine kutoka nje, jina la kampuni halisaidii kitu hapa. Alikuwa anazunguka mikoani kutafuta wateja. Tulitegemea mtu wa tai na maneno mengi. Hakuwa hivyo. Alivua shati la heshima, akavaa ovaroli, akaingia chini ya lathe yetu akaichungulia, akatoka akasema, "Kaka, wewe na hii mashine mnavumiliana." Nilimpenda siku ileile.

Alichokuwa anauza ni lathe ndogo ya CNC. Ukubwa wa meza ya kulia chakula. Unaiandikia program ya namba, inakereza yenyewe, inarudia kitu kilekile mpaka uichoke. Wakati ule Sumbawanga hata simu ya mkononi tulikuwa tunaisikia tu.

Mpango ulikuwa hivi. Kampuni inaiacha kwetu kwa majaribio mpaka msimu wa kupe uishe. Ikitufaa, Mama Apolonia anaichukua kwa kubadilishana na lori lake. Lori linakwenda Dar na Ombeni, mashine inabaki Katandala. Isipotufaa, tunairudisha Mbeya kwenye ghala lao.

Lori, wakuu. Mguu wake huo. Bila lori mama hana mahindi, na bila mahindi hana kitu kingine ila karakana. Angekuwa amejiweka mzima juu ya vipistoni vya brasi.

Akaniita. "Kasto, mimi nitaisikiliza kauli yako. Ombeni ni kijana mzuri ila anauza. Wewe huuzi. Ipime uniambie."

Nikamwambia sawa mama. Usiku ule sikulala vizuri, ila si kwa wasiwasi. Ilikuwa furaha. Nilikuwa naitaka ile mashine kama mtoto anavyotaka baiskeli.

Sasa niwaeleze jinsi tulivyoipima, maana huyu kijana wa ule uzi atafaidika.

Kwanza tuliisawazisha. Sakafu yetu ilikuwa ya zege la zamani, ina mwinuko. Tuliiwekea vipande vya bati chini ya miguu mpaka povu la pimamaji likatulia katikati. Watu wanaruka hatua hii halafu wanalaumu kiwanda.

Tukafunga fimbo ya chuma iliyonyooka, tukaiwekea saa ya kupimia, tukaizungusha kwa mkono kuona inayumba kiasi gani. Mshale haukutikisika. Mzee Oresto akavaa miwani akasogea, akasema saa imekufa. Tukaipeleka saa kwenye lathe ya wamisionari, mshale ukacheza ngoma. Saa ilikuwa nzima.

Tukapima pleyi. Unaipeleka mbele, unairudisha, unaangalia kama inafika palepale. Ilikuwa inafika palepale. Mimi niliyezoea nusu duara la bure nilisikia kama mtu kanivua mzigo begani.

Halafu tukaanza kukereza brasi yenyewe, na hapo matatizo ya kwetu yakajitokeza.

La kwanza lilikuwa baridi. Asubuhi ya mwezi wa sita Ufipa mnaijua, mtu anatembea kajifunga blanketi. Pistoni tulizokereza asubuhi zilikuwa tofauti na za mchana. Program ileile, kisu kilekile. Ombeni alihangaika na namba siku nzima. Mwishowe tukagundua ni chuma cha mashine kinaamka na baridi kama sisi, kikipata joto kinatanuka. Tukawa tunaiwasha inazunguka bure huku sisi tunakunywa uji wa ulezi. Tukimaliza uji ndiyo tunaanza kazi. Tofauti ikaisha.

La pili lilikuwa umeme. Jirani yetu alikuwa na mashine ya kusaga unga. Kila akiwasha mota lile, taa zinainama, na CNC inasimama imesahau iko wapi, unaanza upya. Tukaweka stebilaiza, ikasaidia nusu. Nusu nyingine tuliimaliza kwa mazungumzo. Jirani akitaka kuwasha anagonga rimu la gari lililoning'inizwa nje, sisi tunasimamisha, taa zikitulia tunaendelea. Mtaa mzima wakajua ile kengele. Watoto wakawa wanaigonga kwa makusudi na kukimbia. Nimezeeka kwa sababu ya lile rimu.

La tatu lilikuwa brasi yenyewe. Tuliyozoea ni ya kuokoteza, bomba kuukuu, koki, chochote. Mashine haikuipenda, kisu kilikuwa kinakutana na ugumu ghafla kinaacha mstari. Ilitaka fimbo safi za dukani. Mama akaagiza kutoka Mbeya.

Baada ya hapo, wakuu, sina neno baya. Ilikereza. Unafunga fimbo, unafunga mlango mdogo wa kioo, unasikia mlio mwembamba, unafungua, pistoni inang'aa kama imetoka kanisani. Nilizipima kwa maikromita moja moja, nikitafuta kosa kwa dhati. Sikulipata. Ya kwanza na ya mwisho kwenye sanduku ukizichanganya huwezi kuzijua.

Kipimo tulikitoa wapi? Hili ni muhimu. Stoo ya chama kulikuwa na bomba moja jipya, lililobaki kwenye karatasi yake ya nta, halijawahi kutiwa dawa. Tulilifungua, tukapima silinda yake sehemu mbalimbali, tukakereza pistoni kwa hiyo. Iliingia ikateleza, ukiziba tundu inakataa. Safi kabisa.

Nani angesema hatukufanya vizuri? Mabomba ni ya aina moja, yalikuja pamoja. Bomba jipya lipo mkononi. Hata leo mtu akinipa kazi ile nitaanzia hapohapo.

Mama alipoziona alianza kuziviringisha kwenye kiganja. Akaniuliza, "Hizi zinaweza kuuzwa kama sabuni? Mtu ananunua anaondoka, bila kukaa kwenye benchi?"

Nikamwambia ndiyo mama.

Wazo lake lilikuwa zuri. Tusiwangoje wafugaji waje mjini. Tuwafuate mnadani na pistoni tayari. Mfugaji ananunua palepale, anaitia mwenyewe kwenye bomba, anakwenda zake. Ikienda hivyo, karakana inaishi, na lori anaweza kuliachia.

Tukapakia sanduku kwenye lori, mimi, mama na Ombeni, mama mwenyewe akiendesha, tukaenda mnada wa Chala.

Mnada wa ng'ombe ni vumbi na kelele, sihitaji kuwaeleza. Tulitandika turubai kando ya njia ya ng'ombe. Wafugaji wengi walikuwa wananifahamu. Habari zikaenda haraka kwamba fundi wa Katandala amekuja na pistoni za mashine mpya. Wengi walikuwa na mabomba yao palepale, maana walikuwa wanawapulizia ng'ombe kabla ya kuwauza wapendeze.

Wa kwanza alikuwa Luhende, mteja wangu wa miaka mingi. Ni Msukuma mwenye maneno, kila akija karakana lazima anichokoze kwamba Wafipa tunakula ugali wa ulezi ndiyo maana mioyo myeusi. Akachukua pistoni, akaibusu, akawaambia wenzake, "Oneni, leo Mfipa kaleta dhahabu."

Akafungua bomba lake, akaitia.

Ikaanguka ndani mpaka chini, ikagonga kitako cha silinda, "to!"

Akaitoa, akaniangalia. "Fundi, hii ni ya mtoto wa bomba langu?"

Watu wakacheka. Nikachukua, nikadhani kaweka kinyume. Nikaitia mwenyewe. Ikaanguka.

Akaja mwingine. Yake haikuingia kabisa, silinda ilikuwa imebonyea kidogo upande mmoja. Akaja wa tatu, ikaingia vizuri juu, katikati ikalegea. Wa nne ikaanguka. Wa tano, mama mmoja aliyekuwa na bomba la marehemu mumewe, yake ilikaa vizuri. Nilifurahi nusura nimkumbatie. Kumbe bomba lile halikuwahi kutengenezwa, mumewe alifariki muda mfupi baada ya kugawiwa.

Hapo ndipo akili yangu ikafunguka.

Mabomba yote yale yalishapita kwangu. Yalipita mara moja, mara mbili, mengine mara nyingi. Na kila lilipopita niliichubua silinda kuondoa mikwaruzo, ikapanuka kidogo, nikalikerezea pistoni yake ya kulivalisha. Lingine limechubuliwa sana, lingine kidogo, kufuatana na lilivyokuja limeumia. Na ndivyo kazi ilivyotakiwa kufanywa. Kwa chuma tulichokuwa nacho, hakuna fundi angefanya tofauti.

Kwa hiyo mabomba yaliyokuja Rukwa yakiwa mapacha hayakuwa mapacha tena. Kila moja lilishakuwa na kimo chake. Mikono yetu wenyewe ndiyo iliyoyatenganisha, kwa kuyahudumia vizuri.

Na mimi nimewaletea kitu kimoja kisicho na kosa, kwa ajili ya bomba ambalo halipo tena duniani isipokuwa moja kwenye karatasi ya nta.

Luhende alirudi akachuchumaa pembeni yangu, safari hii hakuchokoza. "Mimi nilidhani umekuja wewe," akasema. "Kesho nitaleta bomba mjini, univalishe kama siku zote."

Ombeni alikuwa amesikia yote. Nitamsifu mpaka mwisho, hakutafuta maneno ya kujitetea. Alikaa juu ya sanduku, akatoa kalamu, tukaanza kufikiri pamoja. Akasema tufanye kama pistoni za magari, standadi, halafu zilizozidi kidogo kidogo, ovasaizi ya kwanza, ya pili, ya tatu. CNC inakereza saizi zote hizo bila taabu. Nikamwambia ni kweli, lakini kwenye gari silinda inatobolewa upya mpaka ifike ovasaizi kamili. Sisi silinda za watu zimefika popote zilipofika. Tutahitaji mashine nyingine ya kuzisawazisha, na mfugaji atuachie bomba wakati kupe hawamsubiri. Halafu kila moja likija, bado itabidi tulipime, tulichubue, ndiyo tulipe pistoni. Benchi linarudi palepale, na kazi ya mmoja mmoja haiwezi kulipa lori.

Akasema, "Basi mtengeneze mabomba mapya kabisa."

Nikamwonyesha kwa kidevu. Ng'ambo ya njia kijana alikuwa ameshaanza kutandika mabomba ya plastiki kutoka nje, ya rangi ya chungwa. Silinda ya plastiki, pistoni ya mpira. Likifa unatupa. Ombeni akayatazama, akairudisha kalamu mfukoni.

Tulirudi jioni. Ombeni alibaki Chala kwa mtu aliyefahamiana naye, nadhani alitupa nafasi kwa makusudi. Tukawa wawili kwenye kabini, mama kashika usukani, sanduku la pistoni miguuni mwangu likigongagonga kila shimo.

Niwe mkweli kwenu kama nilivyoahidi. Njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kusema ndiyo.

Nilikuwa na hoja. Tungeweza kutafuta kazi nyingine. Pini za majembe ya kukokotwa. Bushi za baiskeli. Nilizipitia moja moja kichwani, na kila moja niliishia palepale. Ekseli ya baiskeli inakuja na kikombe kilicholika. Jembe linakuja na tundu lililotanuka. Nchi yetu yote ilikuwa vitu vilivyolika vinavyosubiri kuvalishwa, na vipya vilikuwa vinakuja vimekamilika kutoka nje. Katikati ya hivyo viwili hapakuwa na nafasi ya meza ile.

Labda kungekuwepo baadaye. Labda mahali pengine. Ila lori lilikuwa la wakati ule.

Mama akasema, "Kasto. Mashine ina kasoro?"

"Haina, mama. Sijawahi kuona chuma kizuri vile."

"Basi nitoe lori?"

Nikasema, "Usitoe, mama."

Akabadilisha gia, tukapanda kilima, tukashuka. Nilidhani amekasirika. Nikaanza kumweleza habari ya silinda na kimo cha kila bomba, akanikatisha kwa mkono.

"Nimeona kwa macho yangu, sihitaji maelezo. Asante." Halafu akaniuliza polepole, "Sasa wewe utafanya kazi gani?"

Wakuu, mpaka dakika ile sikuwa nimelifikiria hilo. Nilipima kila kitu nikasahau kujipima mimi. Uhai wa karakana ulitegemea lile jaribio. Lathe ya wamisionari isingemaliza mwaka, na mabomba ya rangi ya chungwa yalikuwa yameshafika. Nikisema mashine iondoke, na mimi naondoka. Nilikuwa nimeshasema.

Nikamwambia, "Sijui, mama." Nikaangalia dirishani maana machozi yalikuwa karibu, na mwanaume mzima unaona aibu.

Mengine yalikwenda haraka. Msimu ulipoisha tuliipakia CNC kwenye lori hilohilo, tukaifunga mablanketi, tukaipeleka Mbeya. Ombeni alinipa mkono, akasema angependa wateja wake wote wapimiwe na mtu kama mimi, ila angekufa njaa. Tukacheka. Sijui aliishia wapi.

Gia ya Mzee Oresto ilikatika kabla ya mvua, na mwenyewe alikuwa ameshakwenda kulima. Lathe ikauzwa kwa uzito. Mama akaweka magunia, kama alivyosema siku ya kwanza.

Na mimi? Alinifundisha kuendesha. Nikaanza kama tingo, nikapata leseni, nikashika usukani wa lile Isuzu miaka mingi mpaka mama alipozeeka na kuliuza. Mwimbi, Chala, Laela, Tunduma, nimezimaliza. Wanangu wamesoma kwa mahindi ya lori lile. Kwa hiyo hesabu ya mama ilitoka sawa, na yangu pia, mtu wa nje akiitazama.

Sasa kijana wa ule uzi, hili ndilo ninalokuachia. Ukienda kuipima mashine, usiipime kwa maikromita tu. Watakuonyesha vipande vinang'aa, na vitakuwa vizuri kweli, hawakudanganyi. Wewe chukua vipande hivyo utembee navyo mtaani kwa wateja wako, uvitie mwenyewe kwenye vitu vyao vilivyochakaa, kabla hujaweka sahihi. Kama wateja wako wananunua vipya kwa maelfu vya saizi moja, chukua hata kesho. Kama wanakuja na kilicholika mkononi, kaa chini ufikiri tena. Na ujiulize utakuwa nani siku ukisema hapana.

Mafundi wenzangu wa humu, hasa mliokuwa kwenye karakana za mikoani miaka ile, mniambie mngemjibu nini yule mama mle kwenye kabini. Mnipinge tu, sitanuna. Nimeshajipinga mwenyewe sana, na kila nikirudia hesabu inatoka ileile.

Jibu nililompa lilikuwa sahihi. Sijawahi kulifurahia hata siku moja.